Kiherehere na Jina Lililoulizwa Mapema

Kisa hiki hutakiamini, na bora uambiwe mapema usije ukadai ushahidi: mwanamke mmoja aliiuliza mashine nzima swali zuri, akapewa jibu la kweli, na jibu hilo la kweli nusura limtese mama yake wiki nzima. Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyelala kazini. Wasomi wakisimuliwa hucheka, waache wacheke, mjomba alikuwepo.

Mwanamke mwenyewe kazini anaitwa fundi wa barua, maana ndiye anayeiangalia seva ya barua pepe ya hospitali. Nyumbani anaitwa Kiherehere. Jina hilo alipewa na mjomba wake, mtu mwenye busara na mwendo wa kupendeza, siku alipomkuta, bado mtoto mdogo, anafukua mbegu za maharage alizozipanda asubuhi ileile, aone kama zimeota. Amekua, ameolewa, amesomea kompyuta mpaka vyeti vimekosa pa kuwekwa, na kiherehere kiko palepale. Hufunua sufuria maji hayajapata hata moto. Ukimwambia uko njiani, atakupigia simu kabla hujafunga mlango wa kwako. Mumewe husema zawadi pekee aliyofaulu kumpa bila yeye kuichungulia ni ile aliyoinunua siku mkewe yuko kitandani na homa.

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya chumba cha kufulia mashuka ya hospitali. Ukuta mmoja una joto la mashine za kufua, harufu ya sabuni inaingia hata dirisha likifungwa, na feni haipumziki. Seva imo kwenye kabati la chuma lenye mlango wa wavu, inanguruma kama mtu anayesema na nafsi yake. Mjomba alipoiona mara ya kwanza aliuliza kama kuna maji ya baridi humo ndani.

Sasa sikiliza. Mama yake Kiherehere, ndiye dada wa mjomba, alitokwa na uvimbe shingoni, chini ya sikio. Mwanzoni aliuficha kwa mtandio. Kisha akasema ni mto wa kulalia ndio mbaya. Bintiye akamburuta mpaka kwa daktari wa upasuaji, daktari akachukua kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa maabara kubwa katika mji mwingine. Ule ugonjwa ambao kila mtu aliufikiria, hakuna aliyeutaja kwa jina. Mama akawa hapati usingizi, na mchana anakunja nguo ambazo tayari zimekunjwa.

Jibu lilikuwa lifike siku ile, kwa barua pepe, moja kwa moja kwa daktari. Naye daktari alikuwa ameshawaambia wazi: "Mimi adhuhuri naondoka kwenda kwenye mkutano, narudi wiki ijayo. Likifika kabla sijatoka, tunaonana leoleo. Lisipofika, mama, itabidi uvumilie kidogo."

Uvumilie kidogo! Mwambie hivyo mtu ambaye kila akimeza mate anajipapasa shingo.

Na siku hiyohiyo, kama vile siku zenyewe zimekwisha, maabara ilikuwa inabadilisha jina lake la mtandaoni, lile linalofuata alama ya @. Walishatoa taarifa kwa hospitali zote kwamba kuanzia siku ile barua zao zitatoka kwenye jina jipya, zipokeeni.

Hapa inabidi ueleweshwe jambo moja, na mjomba alieleweshwa mara nyingi kwa hiyo analijua vizuri. Seva ya barua haimwamini kila anayebisha hodi. Barua ikija ikisema "natoka mahali fulani", seva kwanza inamtuma mtafuta majina, ambaye ni programu ndogo tu, akaulize huko mtandaoni: mahali hapo papo? Pakiwepo, barua inaingia. Pasipokuwepo, barua inazuiliwa mlangoni, kwa sababu matapeli hupenda kuandika kutoka mahali ambapo hapapo. Huyo mtafuta majina naye hapendi kwenda na kurudi kutwa nzima. Akishapata jibu hulihifadhi kichwani, na ukimuuliza tena anakujibu palepale alipokaa.

Kiherehere siku ile alifika kazini sakafu bado mbichi, msafishaji akamgombeza kwa nyayo. Hakuweka hata mkoba chini. Akaliuliza jina jipya la maabara: lipo?

Halipo.

Akauliza tena. Halipo. Akajua watu wa maabara hawajafika kazini, akashusha pumzi, akanywa chai yake na mkate, hana hili wala lile.

Asubuhi ilipochanganya, simu ikalia. Alikuwa bwana wa kompyuta wa kule maabara, mtu mzima, anaongea kama anapanda ngazi akiwa na mzigo.

"Dada, jina liko hewani. Tumeanza kutuma majibu."

"Asante kaka. Na la mgonjwa wa uvimbe wa shingo?"

"Ya wagonjwa mimi siyajui, dada. Najua tu kwamba yametoka yote."

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, nje ya mlango wa daktari, mkoba magotini. Mjomba alikuwa kando yake akimchekesha, ila siku ile vichekesho vilikuwa vinadondoka sakafuni. Wakasubiri. Mlango wa daktari ukafunguka, akaitwa mwingine. Ukafunguka tena, akaitwa mwingine. Dada mtu akasema kwa sauti ndogo, "Nenda kamuulize mwanao huko nyuma, kuna nini." Mambo yakiwa magumu, mpwa hugeuka mwana.

Mjomba akamkuta Kiherehere amesimama, kiti kimelala chali, macho yamekwama kwenye kioo cha kompyuta.

"Zinarudishwa," akasema.

"Nini zinarudishwa?"

"Barua za maabara. Zimefika mlangoni, seva yangu imezikataa. Inasema huko zinakotoka hakupo. Tazama, hii hapa ni ya daktari wa mama. Imerudishwa. Ikaja tena, ikarudishwa tena!"

"Si uifungulie tu mlango? Seva ni yako au ni ya shangazi yako?"

"Mjomba, nikiufungua unafunguka kwa wote, na matapeli nao wapo kwenye foleni."

Akampigia yule bwana, akaweka sauti ya simu iwe kubwa, mjomba asikie.

"Kaka, jina lenu halipo!"

"Lipo, dada. Naliona."

"Huku halipo."

"Huku lipo."

"Kaka, usinichezee, mama yangu yuko korido!"

"Sikuchezei. Chukua simu yako ya mkononi, tumia mtandao wa simu, usitumie wa hospitali. Haya, liangalie."

Akaangalia. Likatokea kubwa kama bango la duka, lipo, limetulia. Akaligeukia kabati la seva, akauliza tena. Halipo. Mkono wa kushoto unasema lipo, wa kulia unasema halipo, naye yuko katikati, jasho linamtoka na feni inazunguka.

Yule bwana akapanda ngazi moja zaidi. "Dada, uliliuliza jina letu lini kwa mara ya kwanza?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ipi?"

Mjomba aliyaona masikio ya Kiherehere yakibadilika rangi.

"Kabla sijaliweka?"

"Kabla hujaliweka," akasema.

Yule bwana akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyetua mzigo. Basi ndiyo hivyo. Mtafuta majina aliulizwa jina likiwa bado halijawekwa, akaenda, akakuta hakuna kitu, akarudi na jibu la kweli, akalihifadhi. Maana huyu hakumbuki tu kilichopo. Hata kisichokuwepo anakikumbuka. Kila barua ya maabara ilipobisha hodi, hakujisumbua kwenda tena. Alijibu tu, hakuna mahali kama hapo, nilishaambiwa leo asubuhi. Angeachwa hivyo, angeendelea kulishikilia jibu lake mpaka muda wake uishe, na muda wake ulikuwa unapita adhuhuri. Kiherehere asingeuliza, asingeambiwa. Asingeambiwa, barua ingeingia bila hata kugusa kizingiti.

"Mjomba," akasema, "usiseme neno."

"Sijasema."

"Unataka kusema."

"Nilitaka kuuliza tu kama yale maharage yaliota."

Akamtupia jicho, lakini vidole vilikuwa vimeshaanza kazi. Akamfuta yule mtafuta majina kumbukumbu, kichwa kikawa cheupe. Akamuuliza upya. Safari hii akaenda kweli, akarudi: lipo.

"Kaka, nimesafisha. Lipo! Zitume tena."

"Sizitumi mimi, dada. Ziko kwenye foleni, zitakuja zenyewe. Foleni kuisukuma kwa mkono ni mkuu peke yake anaruhusiwa, naye yuko kikaoni, amezima simu. Nashukuru sana seva yako haikuzifukuza moja kwa moja. Ingesema 'potea', zingekuwa zimerudi kwa waandishi sasa hivi. Imesema 'kwa sasa sikutambui, jaribu baadaye'. Kwa hiyo zitajaribu."

Alikuwa ameipanga yeye mwenyewe iwe inasema hivyo, siku za mwanzo, kwa sababu jina kukosa kuonekana mara nyingi ni ajali tu. Hapo walau alijitendea wema.

"Zitajaribu lini?"

"Hapo ndipo penyewe. Kila zikirudishwa zinakaa muda mrefu zaidi kabla ya kujaribu tena. Na wewe umezirudisha kidogo, dada."

Simu ikakatwa. Kazi iliyobaki ilikuwa ni moja tu, na ndiyo pekee duniani ambayo mwanamke huyu hajawahi kuiweza: kusubiri bila kugusa kitu. Akagusa kitufe, mjomba akamshika mkono. Akagusa kwa mkono wa pili.

"Kalia mikono yako," mjomba akasema.

"Nini?"

"Iweke chini ya makalio, uikalie. Umeshauliza vya kutosha leo."

Mtu mzima, mama wa watu, ana vyeti, akaikalia mikono yake. Wakatazama kioo. Barua za watu wengine zikapita: tangazo la mauzo ya magodoro, mtu wa stoo anauliza glavu, mwingine anamjibu kwamba aliuliza jana. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kufua ikaanza kukamua, meza ikatetemeka. Kiherehere akawa anasonya kwa kila mstari usiokuwa wake. Akasema, bila kugeuza shingo, "Mjomba, kama ni ule ugonjwa?"

Mjomba, ambaye ana jibu la kila kitu, akakigeukia kioo, akaanza kuhesabu mistari.

Mstari mwingine ukaingia. Jina jipya la maabara. Kwa daktari. Na mwishoni, neno moja: imefikishwa.

Mikono ikafyatuka. Halafu ikasimama hewani. Maana sasa barua ilikuwa imelala humo ndani ya kabati, umbali wa vidole vyake, na mwenye funguo za kabati ni yeye. Angeweza kuifunua. Daktari asingejua, mama asingejua.

"Chungulia kidogo tu," mjomba akanong'ona. "Mstari wa mwisho. Tuwahi kujua."

Kiherehere akaitazama mpaka macho yakalowa. Mtoto wa kufukua mbegu. Mfunua sufuria. Kisha akazima kioo, katakata.

"Ni barua ya daktari, mjomba. Na kilichomo ni cha mama. Twende."

Wakaenda korido karibu mbio, viatu vikilia. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, mkoba wake wa safari uko mezani, naye anasoma kwenye kompyuta, uso haueleweki. Akamwita mama. Mama akaingia peke yake, akafunga mlango, hivyo ndivyo alivyotaka. Kiherehere akaegemeza paji la uso ukutani, wala hakutega sikio, na huo peke yake ni muujiza wa kuandikiwa kitabu.

Mlango ukafunguka. Mama akasimama pale, mtandio uko begani, shingo wazi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Ni uvimbe tu," akasema. "Wa kawaida. Hauna ubaya wowote. Ataukata akirudi, na hata asipoukata hauniui." Akawatazama mmoja mmoja kama anashangaa wamefikaje hapo. "Mbona mmesimama hivyo? Mimi nina njaa."

Kiherehere akateleza na ukuta mpaka chini, akakaa sakafuni na sare yake ya kazi, akacheka, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi, na muuguzi aliyekuwa anapita na toroli la dawa akamzunguka bila kuuliza, maana hospitalini sauti ya namna hiyo inajulikana. Mama akainama, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio, akamwambia nyanyuka, sakafu ina baridi.

Na katikati ya kilio hicho chote, mjomba peke yake ndiye aliyesimama imara kama nguzo. Akamnyanyua dada yake kwa mkono mmoja, akamzungusha korido nzima mpaka wagonjwa wakapiga makofi, na daktari mwenyewe akatoka na mkoba wake, akamshika bega, akasema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kukutana na mwanamume mwenye moyo mgumu namna hiyo, ambaye hata chozi mo—

"Mjomba, hebu sogea nisome unachoandika. Chozi gani? Si wewe uliyelia mpaka mama akakuletea kiti?"