Chibalonza na Kidole cha Wajapani

Saa tano asubuhi, Agosti 2021, treni inasimama Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, mwisho wa safari. Abiria sita wanashuka, wote na barakoa. Chibalonza anapanda na ndoo yake, anafuta chuma cha kushikilia mlangoni, kisha anakielekezea kiganja.

"Chuma, safi!" anakiambia chuma.

Halafu kiti. Halafu dirisha. Kila kitu kinatajwa kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina darasani. Ukimwona mara ya kwanza utadhani karantini imemchanganya akili. Mimi nilidhani hivyo, na naomba radhi.

Mzaliwa huyu wa Bukavu, Kongo, mwenye miaka 43, amesafisha treni za Sydney miaka mitano. Anaishi na mama yake, Marie-Jeanne, miaka 76, mgonjwa wa mapafu wa siku nyingi. Daktari hakumficha: korona ikiingia nyumba ile, bibi huyo hatapona.

Desturi ya kutaja vitu ameitoa Japani, ambako hajakanyaga. Mwaka jana, watu walipofungiwa ndani, yeye na mama yake walikesha kwenye video za treni za Kijapani, pamoja na ile inayoelea kwa sumaku, iliyojaribiwa hadi zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Bibi aliapa hapandi kitu kisichogusa chini.

Lakini kilichomvutia Chibalonza ni mfanyakazi mmoja wa treni kwenye video hizo, mwenye glovu nyeupe, aliyekuwa akinyooshea taa kidole na kusema peke yake.

"Nilishangaa," anasema. "Train inakimbia six hundred, ma-computer kila fasi, mais mutu bado ananyoosha kidole: iko sawa! Nikasema na mie nitafanya vile. Kichwa yangu inasahau, lakini mukono ikionyesha na kinywa ikisema, nakumbuka."

Kidole hicho kilimponza mwezi Juni. Abiria mmoja Mkenya, muuguzi aitwaye Omollo, alikuwa ameketi karibu na dirisha lililokuwa likitajwa.

"Sister, mbona unaninyooshea kidole?" aling'aka. "Mimi sina Covid! Na hayo maneno ni ya nini?"

Alidhani analaaniwa. Tuseme ukweli, Mwafrika hazoei kidole usoni, hata akikaa Sydney miaka ishirini. Malalamiko yakafika ofisini, na msimamizi, Cheryl, akaamuru kazi ifanywe kimya.

Chibalonza alitii siku moja tu. Alipofika nyumbani na mkate mkononi, alisimama getini akijaribu kukumbuka kama alibadilisha glovu baada ya behewa la mwisho. Hakukumbuka. Bibi akagonga kioo cha dirisha akimwita, supu inapoa.

"Nililia," anasema. "Sikujua kama nabeba mukate ao nabeba kifo."

Hakuingia. Alilala ndani ya gari siku mbili, katika baridi ya Juni ya huko, mpaka majibu ya kipimo yalipotoka: hana korona.

Kesho yake alimwambia Cheryl amruhusu kusema au amwandikie barua ya kumwachisha kazi. Cheryl alipanda naye treni, akamsikiliza behewa zima, akakubali kwa sharti moja: kiganja wazi, si kidole. Siku hizi Omollo, akimwona anakuja, huinua miguu mwenyewe na kutangaza, "Viatu, safi!"

Mpango wa Chibalonza ni mmoja. Mipaka ikifunguliwa, atamkalisha mama yake dirishani kwenye treni ya Tokyo kwenda Osaka. Inayogusa chini, bibi amesisitiza. Kwanza bibi apate chanjo ya pili, Jumanne ijayo.

Ninamsindikiza hadi getini kwake, naishia hapo. Anavua barakoa na viatu, ananawa kwenye bomba la nje, anajikagua.

"Barakoa, imetupwa. Viatu, vimebaki inje. Mikono, safi."

Kisha anaelekeza kiganja dirishani. "Mama?"

Kinatangulia kikohozi kirefu kutoka ndani. Kiganja chake hakishuki.

"Niko!" bibi anajibu.