Alinanuswe na Kiko cha Baba Mkwe

Alinanuswe nilianza kwa kumchukia, na sioni haya kusema. Utampendaje mtu aliyekuhamishia jiko?

Kibanda changu kilikuwa ukutani mwa sheli ya Naseeb, ukiwa unaingia Tukuyu kutokea Mbeya. Miaka sita nakaanga maandazi pale, nachemsha chai, madereva wote wananijua. Siku moja anakuja huyo Alinanuswe, msimamizi wa sheli, mwanamke mwembamba, kavaa kizibao kinachong'aa, ana futi ya kupimia mkononi. "Shikamoo Bimdogo," anasema. "Jiko lako liko hatua saba kutoka kwenye mdomo wa tangi. Inabidi lihamie ng'ambo ya barabara."

Makubwa! Nikamwambia, petroli yenu iko chini ya ardhi na mkaa wangu uko juu, vinakutana wapi? Akachuchumaa, akanionyesha mtaro unaopita kati ya sheli na kibanda changu. "Mvuke wa petroli ni mzito, mama. Haupandi, unatambaa. Asubuhi ya ukungu kama hii, hakuna upepo, unaingia humu unateremka taratibu mpaka kwako. Ukikuta moto, moto unarudi nao mpaka kwenye tangi." Nikamjibu kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Akasema, "Najua, mama," na kesho yake akaja na Erasto, kijana wa pampu, wakakihamisha kibanda changu bati kwa bati.

Babu yangu alikuja Tukuyu na cherehani yake kutoka Kilwa. Sisi ni watu wa maneno, tukiudhika tunasema. Nilimsema mwaka mzima. Nilimpachika jina la Mama Koni, kwa sababu ya zile koni nne nyekundu za kuzuia njia anazopanga kila lori la mafuta likija kushusha, na jina likashika mpaka stendi.

Lakini mtu unayemtazama kutwa kucha, utamjua tu. Lori likifika, hana salamu na mtu. Kwanza koni. Kisha mitungi miwili ya kuzimia moto na ndoo za mchanga. Kisha ule waya unaofungwa kwenye lori na kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, ili umeme uliojikusanya safarini uishie chini, usije ukatoa cheche. Baada ya hapo ndipo dereva anaruhusiwa kuunga mpira. Yeye mwenyewe anasimama pale kando, mvua inyeshe jua liwake, mpaka tone la mwisho. Ana kauli yake: anayesimamia haondoki. Bodaboda asiposhuka na kuzima injini hawekewi mafuta. Mchungaji mmoja alikuwa anaongea na simu karibu na pampu, naye aliamriwa azime. Alinung'unika huyo! Alizima lakini.

Ukali ule ulitoka wapi, nilikuja kujua baadaye, siku alipokuja kunywa chai kwangu peke yake. Kwao ni Kisondela. Mama yake, Esnath, alikuwa akiuza petroli nyumbani kwenye chupa za soda, bodaboda wa kijijini wasipate shida ya kupanda mpaka mjini. Jioni moja alikuwa anamimina kutoka kwenye dumu, na giza limeingia, akahitaji mwanga. Alinanuswe alikuwa na miaka kumi na tatu. Yeye ndiye aliyemshikia kibatari.

"Nilikishika mbali," aliniambia. "Nilidhani ni mbali."

Mama yake alipona, lakini vidole vya mkono wa kulia vilishikana. Mpaka leo hawezi kumenya ndizi. Nikamwongezea andazi, nikajifanya naangalia mkaa.

Sasa kisa chenyewe ni hiki. Wanyakyusa wa zamani wana heshima yao kati ya mkamwana na baba mkwe. Hawaonani. Hawatazamani usoni, hawapishani njiani, na jina la baba mkwe mkamwana halitamki kabisa. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Ukoo wa Ackson, mume wa Alinanuswe, kule Nkunga, haujalegeza hata uzi mmoja.

Na baba yake Ackson, mzee Jotham, ni mteja wa sheli. Kila baada ya wiki mbili anakuja na kidumu chake cha chuma kununua petroli ya mashine ya kupulizia dawa parachichi zake. Basi ilikuwa hivi: kofia ya mzee ikitokeza tu barabarani, Mama Koni anajitupia kanga kichwani, mbio ofisini, na Erasto ndiye anayehudumia. Miaka kumi na moja ya ndoa, hata salamu hawajawahi kupeana. Nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu. Mwanamke anayewapangia foleni madereva wa malori ya Malawi, anajibana nyuma ya mlango kwa sababu ya kizee chenye kiko!

Asubuhi hiyo ya mwezi wa tatu kulikuwa na ukungu na mvua ya manyunyu, hewa imetulia tuli. Lori lilikuwa linashusha. Erasto hakuwepo, mkewe alikuwa amejifungua. Dereva alikuwa upande wa pili wa lori, kwenye valvu yake ya kufungulia mafuta, na Alinanuswe upande huu, kwenye mdomo wa tangi. Mimi niko kwangu ng'ambo, nageuza maandazi.

Mzee Jotham akatokea. Mvua ilikuwa inamlowesha, na palipokuwa pakavu ni mahali pamoja tu, chini ya paa la sheli. Akapita katikati ya koni kama anapita kwenye migomba yake mwenyewe. Alinanuswe akamwona. Mkono ukaenda kwenye kanga, akajifunika, akageuza uso. Lakini miguu haikwenda. Anayesimamia haondoki.

Mzee akaegemea nguzo, hatua nane hivi kutoka alipo mkwewe. Akatoa kiko mfukoni, akashindilia tumbaku. Akatoa kiberiti.

"Bimdogo!" Alinanuswe akaita, uso umegeukia kwangu. "Bimdogo, mwambie asiwashe!"

Hiyo ndiyo njia yao, kumpa mtu mwingine maneno ayafikishe. Na mimi nilisikia. Nasema kweli tupu, nilisikia mara ya kwanza, neno kwa neno. Ila kuna kitu ndani yangu kikasema, haa, leo unanihitaji? Leo mdomo wa Bimdogo una kazi? Nikageuza andazi moja. Nikageuza la pili. Mungu anisamehe, ilikuwa muda wa maandazi mawili tu.

Akaita tena, "Bimdogo!" Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa ameshika njiti mkono mmoja na kiberiti mkono mwingine. Nikafungua mdomo, lakini nilikuwa nimechelewa.

Ndipo Alinanuswe alipotupa kanga. Akageuka, akamtazama baba mkwe wake usoni, akapaza sauti, "Jotham! Usiwashe! Dereva, funga!" Akaruka zile hatua nane, akamshika mzee mkono, akampokonya kiberiti, akakitumbukiza kwenye ndoo ya mchanga.

Dereva alikuwa ameshafunga valvu. Watu waliokuwa kituo cha bodaboda wote wamesimama. Si kwa ajili ya petroli, petroli hawakuielewa. Walisimama kwa sababu mkamwana alikuwa amemwita baba mkwe jina lake tupu na kumshika mkono hadharani. Mzee Jotham akatazama mkono wake. Akaokota kidumu, akaondoka mvuani, na petroli hakununua.

Alinanuswe akaokota kanga, akamwambia dereva aendelee, akasimama pale mpaka tone la mwisho. Halafu akaenda nyuma ya ofisi, akalia. Nilimpelekea chai. Nilitaka kumwambia kwamba nilisikia, nikashindwa, nikasema tu, "Kunywa ikiwa ya moto."

Huko Nkunga mambo yakawaka. Ndugu wa mume walikaa kikao. Wakasema mwanamke amemvua mzee nguo mbele za watu, aache kazi ya sheli au aache nyumba yao, achague. Wakamkataza kukanyaga Nkunga mpaka ajibu, na wanawe wawili wakachukuliwa wakae huko kwa bibi yao. Ackson, maskini, alikuwa anasafiri kati ya mke na wazazi. Siku ishirini na moja Alinanuswe alikuja kazini, akapanga koni, akafunga waya, akarudi kulala nyumba isiyo na watoto. Alikonda. Nikamuuliza, si uombe radhi tu, mwanangu? Akanijibu, "Kwa jina nitaomba, hata kwa kupiga magoti. Lakini kazi nikiacha, nani atasimama pale? Na nikisema nilikosea kumzuia, kesho atakuja mwingine na kiko chake."

Siku ya ishirini na mbili lori likaja tena, na ukungu uleule. Erasto alikuwepo safari hii. Nikaona ile kofia barabarani.

Mzee Jotham alifika mpaka kwenye koni, akasimama. Alinanuswe alikuwa ameshajifunika, amempa mgongo, kwa mazoea. Mvua ikawa inamlowesha mzee, naye kasimama tu, kidumu mkononi.

"Alinanuswe," akaita.

Nyie! Niliacha mwiko kwenye mafuta.

"Nipite?" akauliza.

Alinanuswe akaishusha kanga mabegani, akageuka, akamtazama. "Bado, baba," akasema. "Dakika ishirini. Kakae kwa Bimdogo, hapo hapalowani."

"Ndaga," akasema mzee, yaani asante, akavuka barabara akaja kwangu. Kabla ya kukaa akanipa kiko na kiberiti nimshikie, kwa sababu, alisema, kwa mkwe wake vitu hivyo havitakiwi. Nikamwekea chai. Tukakaa kwenye benchi tunatazama lori. Na mimi nikaona, leo nisiposema nitakufa nalo.

"Mzee," nikamwambia, "siku ile aliniita mimi kwanza. Alitaka mimi nikwambie. Nilisikia, nikakaa kimya kwa kinyongo changu cha jiko. Ningesema, asingekutaja jina. Hasira yenu ilikuwa inanistahili mimi."

Mzee alipuliza chai yake, akanywa, akaweka kikombe chini.

"Mimi pia nilimsikia," akasema.

Nikamtazama.

"Hatua nane, mama. Mimi si kiziwi. Alisema asiwashe, nikasikia. Lakini sauti ya mkwe hatuisikii, ndivyo tulivyolelewa. Ukisikia, unajifanya hukusikia. Nikachukua njiti." Akajipangusa mvua usoni, labda ilikuwa mvua. "Angeita mara mia kwa adabu, ningewasha. Kwa hiyo aliyelitajisha jina langu ni nani, kama si mimi? Nimewaambia wenzangu jana kwenye kikao, na nimetoa ndama. Kwetu mzee akitoa mnyama, mkwe anafunguliwa kumsalimu. Watoto wanarudi kesho. Wiki tatu zimenichukua kusema maneno hayo, mama. Si mepesi."

Maandazi yaliungua sufuria nzima, tukayaacha yaungue.

Lori likamaliza. Dereva akakunja mpira, Erasto akafungua waya. Alinanuswe akaokota koni ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akazipanga moja juu ya nyingine kama kawaida yake. Halafu akatazama huku kwetu, ng'ambo ya barabara. Hakupaza sauti. Aliita polepole, kama mtu anayeita ndani ya nyumba.

"Baba, karibu sasa."

Tuliinuka wote wawili kwa pamoja, yeye aliyeitwa na mimi ambaye sikuitwa, ila nina langu la kumwambia.