Sahani Iliyorudi Tupu

Mwavita alimwonea wivu jirani yake Victorine, wivu wa kijinga kabisa. Mama yake Mwavita, Bibi Zaina, hakuweza tena kutembea, na kila alipoonja sombe ya Victorine, mboga ya majani ya muhogo, alisema, "Hii ndiyo sombe!" Mwavita, aliyekuwa ametwanga yake tangu asubuhi, roho ilimuuma.

Basi akaanza kumfungia mama ndani. Alitia kufuli, akaenda soko la Kasongo kuuza mawese mpaka jioni. Victorine akija usiku na sombe, Mwavita anamwambia mlangoni, "Mama iko analala." Mwavita aliila mwenyewe kwa hasira, akaosha sahani, akairudisha.

Hapo ndipo alipojichongea. Huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na Bibi Zaina hakuwahi kuirudisha bila yai, au hata chumvi kidogo. Victorine aliitazama sahani ile safi, tupu, na kesho yake akaenda kumwita mkubwa wa avenyu, kiongozi wa mtaa.

Kufuli likavunjwa. Bibi alikuwa amelala kwenye mkeka uliolowa mkojo, midomo imekauka.

Mwavita alifika mbio kutoka sokoni. "Umenichukulia mama yangu!" akafoka. "Kila siku ni Victorine, Victorine!"

Victorine alikuwa akimnywesha bibi maji. Hakuinua macho.

"Mlango ulipofunguka alinishika mukono," alisema. "Akaniambia, 'Mwavita, mutoto wangu, umerudi.' Sikuweza kumwambia si wewe."