Kamba Niliyoifunga Chini ya Nzoia

Kisa hiki kimenigharimu jogoo mmoja na suruali moja. Nimehesabu mara mbili. Feri ilizama Mto Nzoia, na mzamiaji aliyeletwa kuifunga kamba ivutwe na trekta ni Wafula, aliyewahi kumposa mke wangu. Mke wangu akamchinjia jogoo!

"Hata mimi nazamanga," nikasema kwa wivu, nikanyakua kamba na kuruka. Maji makali yakanivua suruali, yakanizungusha gizani hadi nikashika chuma. Nikakifunga, nikaibuka nikijipiga kifua.

Trekta likavuta. Feri haikutikisika. Mashua ya Wafula, iliyotia nanga hapo juu, ndiyo ikaja nchi kavu, mwenyewe ndani akicheka.

"Baba Nafula," mke wangu akaita mbele ya watu wote, "si umefunga nanga yake?"

Jioni Wafula anakula kwetu. Nishaurini: niketi naye mezani, au niende kwa mama?