Rungu la Nahodha

Ukifika Daraja Mbili Jumapili baada ya adhuhuri, ukakuta mlango wa steshenari ya Rukaiya umefungwa nusu na ndani watu wazima wanagombana juu ya upepo, usishtuke. Hawajalewa. Wako baharini.

Rukaiya ana miaka thelathini na minane na bahari yenyewe hajawahi kuiona. Bibi yake mzaa baba alitoka Pangani, akaja Arusha akiwa bibi harusi, na pwani yote aliyowaachia wajukuu ni namna ya kupika samaki wa nazi. Siku za kazi Rukaiya anatoa kopi za vyeti na kuchapa barua za kuomba kazi. Jumapili anasukuma mashine ukutani, anavuta meza katikati, na hapo yeye ndiye mawimbi, ndiye papa, ndiye askari wa gavana. Mchezo ni rahisi. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu huyo anafanya nini, dadu zinaamua kama amefanikiwa, na msimulizi anaeleza kilichotokea. Msimulizi ni Rukaiya.

Kitabu cha mchezo kilitoka kwenye mafungu ya mitumba pale soko la Kilombero. Aliyekiokota ni Said, mdogo wake, ambaye Rukaiya ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kilikuwa cha Kiingereza, cha maharamia wa bahari za mbali, kimejaa ramani za visiwa, na jalada lake limeliwa na panya.

"Dada, wewe ndiye unayejua kusimulia," Said alimwambia. "Kifanye kiwe chetu."

Akakifanya. Alichukua kaunta buku jipya akaanza kukata na kuunga. Pombe kali ya maharamia ikawa togwa, maana ulevi hakuutaka mezani kwake hata ule wa kubuni. Kasuku wa begani akawa kunguru. Kisiwa kikubwa kuliko vyote akakipa mlima mmoja wenye wingu kiunoni, na hakuna aliyemuuliza ameutoa wapi, kwa kuwa ukisimama mlangoni pake Meru ndio huo.

Kilichowashinda ni sheria ya nahodha. Kitabu kilisema maharamia humchagua nahodha kwa kura, na wakimchoka humwondoa kwa kura. Parsimei akaweka kikombe chini. Parsimei anauza dawa za mifugo, kwao ni upande wa magharibi wa mlima, na si mtu wa kubisha bila sababu.

"Hiyo haiwezekani," alisema. "Kwetu kiongozi wa rika, laigwanani, akishachaguliwa ndiye huyo mpaka afe. Mtu hapigiwi kura kila mkikasirika. Anapewa rungu jeusi, na wote mnalijua."

Kila mtu aliipenda. Rukaiya akaiandika kwa kalamu nyekundu: merikebu ni rika moja, na nahodha ni nahodha mpaka kifo. Jumapili iliyofuata Parsimei alikuja na rungu dogo jeusi alilolichonga mwenyewe, na rika likamkabidhi Said awe nahodha.

Miaka miwili iliyopita Said akaenda baharini kwelikweli. Alisomea ubaharia Dar es Salaam, akapata kazi kwenye meli ya mizigo, akaondoka na begi moja. Ndani ya mchezo Rukaiya alimwacha nahodha kwenye kile kisiwa cha mlima, akiuguza mguu, mpaka merikebu impitie. Rungu likawekwa juu ya kiti chake.

Mwanzoni Said alikuwa anapiga simu kila Jumapili na kucheza kwa spika. Kisha ikawa mara moja kwa mwezi. Kisha Idi kwa Idi. Na merikebu nayo ikawa haifiki kisiwani. Kila ilipokikaribia, Rukaiya alileta dhoruba. Alileta ukungu, akaleta nyangumi, na mara moja, alipoishiwa kabisa, akaleta maofisa wa afya wa bandari. Sababu aliijua vizuri. Wakifika, nahodha atatakiwa aongee, na mwenye sauti yake hayupo. Wenzake walivumilia kwa kuwa wanampenda, na kwa kuwa kila akitenga chai anaweka vikombe vinne vya wageni, na wageni ni watatu.

Jumapili hii aliyeshindwa kuvumilia ni Nashipae, msusi wa kibanda cha jirani.

"Dada Rukaiya, nakuheshimu," alisema, "lakini miaka miwili tunazunguka kisiwa kimoja kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Leo tumchukue nahodha au tuchague mwingine. La sivyo mimi siji tena."

Ndesanjo, mkulima wa migomba wa Akheri ambaye akimaliza saa nzima bila kusema neno haoni kama kuna kilichopungua, akaitikia kwa kichwa.

Rukaiya akafungua kaunta buku kana kwamba hajui kilichomo. Mpaka kifo. Ili apatikane mwingine, ilibidi yeye mwenyewe atamke kwamba nahodha amekufa.

"Sema tu homa ilimzidi," Ndesanjo alisema. "Ni mchezo."

"Yuko majini sasa hivi," Rukaiya alisema. "Nimtamkie kifo mimi?"

Hata Nashipae alitazama chini, maana maneno ya namna hiyo hata kwao hayatupwi ovyo.

Hawakujua habari aliyokuwa nayo. Alhamisi Said alimtumia ujumbe wa sauti. Amepata mkataba mwingine wa miaka mitatu, na amepanga nyumba Mombasa, ndiko atakakokuwa anafikia akishuka melini. "Kiti changu mpeni mtu," alisema mwishoni, akacheka. Rukaiya aliusikiliza ujumbe huo mara kumi na moja na hakumwambia mtu yeyote.

Parsimei akakohoa kidogo. "Lakini laigwanani akisafiri, rungu analiacha," alisema. "Nyumbani kwetu anamwachia mmoja wa rika anayemwamini, aongee badala yake. Hajafa, wala hajaondolewa."

"Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Sikunyamaza. Nililisema siku ile ile. Wewe uliandika nusu."

Rukaiya alitazama wino mwekundu, akakumbuka. Ni kweli, Parsimei alikuwa bado anaongea wakati yeye ameshafunika kalamu. Hata siku zile, Said akiwa bado anakula chungu kimoja naye, Rukaiya alikuwa ameshajichagulia nusu ya kubaki, akaiacha ya kusafiri.

"Hakuna dhoruba," akasema. "Maji yametulia. Kisiwa kiko mbele yenu."

Wakashuka pwani, wakapanda njia ya mlimani, wakamkuta nahodha mlangoni mwa nyumba mpya. Rukaiya akaongea kwa sauti ya Said, na kile kicheko chake cha puani hakikumpa taabu hata kidogo. "Mguu umepona, jamani, ila nimeshajenga huku. Rungu mpeni Nashipae, hasira anazo za kutosha."

Wakacheka. Nashipae akaliinua rungu kutoka kitini, akalishika kwa mikono miwili.

"Nahodha," akauliza, "utarudi?"

Rukaiya akafungua kinywa. Sauti ya Said haikuja. Katika ujumbe wa Alhamisi jambo hilo halikuwamo, na alikuwa amelitafuta mara zote kumi na moja.

"Sijui," akasema, kwa sauti yake mwenyewe.

Sheria moja ya kitabu hakuwahi kuibadilisha: jambo asilolijua msimulizi huamuliwa na dadu. Ndesanjo akamsogezea zile mbili taratibu. Rukaiya akazichukua, akazitikisa ndani ya kiganja, akazisikia zikigongana.

"Nimemkumbuka sana," alisema. "Kila siku namkumbuka."

Akazitia mfukoni mwa gauni bila kuzirusha. "Hizi nabaki nazo. Zipo nyingine kwenye droo."

Hakuna aliyemkatalia. Nashipae akavuta kile kiti, akakaa, akaweka rungu mapajani. "Haya, ng'oeni nanga," akasema, na Rukaiya akawapa upepo.