Niliifunika Kompyuta kwa Kitenge Kanisani Kyimo

Jamani, hili nalisimulia huku uso bado unaniwaka kwa aibu, maana kanisa zima pale Kyimo lilishuhudia.

Mimi nahariri video za harusi hapa Tukuyu, na wiki ile nilikuwa nimepata kadi ya picha ya kompyuta, mtumba, lidude lenye feni tatu, linakula umeme kama pasi na joto lake unaota kama jiko (sitanii, baridi ya huku mnaijua). Mchungaji wetu alikuwa anastaafu, nikaombwa nionyeshe picha zake za zamani ukutani. Laptopu yangu ndogo ingetosha kabisa! Lakini mimi, kwa kupenda sifa, nikabeba kompyuta kubwa niliyoifunga kadi hiyo, pamoja na ekstensheni nyembamba ya kuazima kwa jirani.

Ibada ikaanza, na feni nazo zikaanza, zikanguruma mpaka mchungaji akakatisha sala na kuuliza, "Kuna lori linapanda mlima?" Watu wakacheka, nami nikatamani ardhi ipasuke, basi nikavua kitenge begani nikaifunika ile mashine gubigubi, kelele zikapungua, nikajiona nina akili.

Kwaya haijamaliza wimbo, harufu ya plastiki ikatuvaa, kisha moshi, na mama mmoja akapiga yowe, "Moto!" Watu wakabeba watoto wakakimbilia mlangoni. Mimi niliganda tu. Aliyekuja mbio ni Baba Atupele, fundi wa mitambo kiwanda cha chai, akazima swichi kuu, akachomoa ile ekstensheni iliyoanza kuyeyuka, akakitupa kitenge nje kwenye mvua.

"Binti yangu," akaniambia taratibu, "mashine nayo inapumua. Mbona unaiziba pua?"

Nikalia mbele za watu. Mchungaji akaniweka mkono begani, akawageukia waumini: "Msimseme mwanangu. Nani ana picha yangu kichwani?"

Akasimama bibi mmoja wa Lufingo, akaeleza jinsi mchungaji alivyombebea mwanawe mgonjwa mgongoni, kwa miguu, mpaka hospitali. Akafuata mwingine, na mwingine. Hakuna aliyeuliza tena habari za picha za ukutani.

Jumatatu Baba Atupele akaja kwangu kunifungia waya mnene, bila hata kuombwa. Nilimwambia ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, mpaka akachoka kuitikia. Siku hizi nikiona kompyuta ya mtu imelazwa kwenye godoro au imefunikwa kitambaa, naifunua mwenyewe, hata kama ni ya bosi.