Tangazo la Margareta

Mama yake Rogath alifariki usiku wa Jumapili, na Jumatatu asubuhi Rogath akaenda kazini. Redio ndogo ya jamii pale Rau ina fundi mmoja tu wa kompyuta, naye ni yeye. Seva ya redio ilikuwa ikijizima yenyewe tangu alfajiri, na bila seva hakuna sauti inayofika hewani. Bila sauti hiyo, mjomba Valerian asingejua kwamba dada yake amefariki.

Mjomba alikuwa kwenye shamba lake la tambarare, akilinda mahindi. Simu yake huiwasha akitaka kupiga tu, lakini hakosi kusikiliza matangazo ya vifo ya saa saba redioni. Na katika ukoo wao kule Kilema, mwanamke hafunikwi sanduku mpaka ndugu zake wa kuzaliwa wamwone. Mazishi yalikuwa Jumanne.

"Shikamoo, mama," Rogath alimsalimu Bernadetha, anayefanya usafi na kupika chai.

"Marahaba. Pole sana, baba. Si ungebaki msibani?"

"Kule wapo wengi."

Alijibu kama mtu anayesoma maandishi ya ukutani, akaingia katika chumba cha seva. Seva ilikuwa mezani. Chini ya meza ilikuwapo UPS, betri inayoishikilia seva umeme unapokatika. Programu maalumu huitazama betri hiyo, na ikiona hatari huizima seva taratibu ili diski isiharibike.

Rogath aliwasha seva. Programu ikaandika kwamba haipati mawasiliano na betri. Akachomoa waya nyuma ya seva, akauhamishia tundu jingine, mawasiliano yakarudi.

"Kaka Rogath, imekubali?" aliuliza Pamela, mtangazaji, akichungulia mlangoni.

"Kwa sasa."

Hajamaliza kusema, kioo kikawa cheusi.

"Iondoe hiyo programu," Pamela alisema. "Mlinzi gani anakufungia nje ya nyumba yako mwenyewe?"

"Umeme wa leo unacheza. Ukikatika nimeiondoa, diski inakufa, na tutanyamaza wiki nzima."

Aliwasha tena. Safari hii hakugusa waya, bali alisoma kumbukumbu za programu kuanzia chini. Kila seva ilipojizima, sababu ilikuwa moja: joto la betri limepita kiwango.

Akainama. UPS ilikuwa imefunikwa kitambaa kizito cha kufuma, chenye maua ya njano, kilichoning'inia mpaka sakafuni na kuziba matundu yote ya hewa. Rogath alikuwa amekiona tangu alipoingia. Lakini amekulia katika nyumba ambamo televisheni, redio na hata chupa za chai zilivishwa vitambaa vilivyofumwa na mama yake, na macho yake yalikipita kama yanavyoupita ukuta.

"Mama, hiki umekiweka lini?"

"Jumamosi, nilipomaliza kudeki," alisema Bernadetha. "Vumbi la barabarani linakiingia kile kitu mpaka kinalia kama kifaranga. Nimekosea?"

"Kinahitaji kupumua, mama."

"Basi kitoe. Mimi nilidhani nakisitiri."

Rogath alikitoa, akakikunja, akampa. Akaleta feni ya studio na kuielekeza chini ya meza. Joto likaanza kushuka, polepole. Saa saba ilipofika lilikuwa bado juu, chini kidogo tu ya kiwango.

Pamela alianza kusoma. "Familia ya marehemu Margareta, wa Kilema, inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa. Habari ziwafikie kaka wa marehemu, Valerian, popote alipo, na ndugu, jamaa na marafiki wote."

Rogath alisikia jina la mama yake kama jina la mama wa mtu mwingine. Alikuwa akitazama namba ya joto. Haikupanda. Tangazo likasomwa mara ya pili, kama ilivyo desturi, kisha ukapigwa wimbo wa kwaya.

Simu yake iliita. Namba hakuijua.

"Rogath?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimesikia. Naongea kwa simu ya jirani. Msimfunike."

"Hatumfuniki, mjomba. Tunakusubiri."

"Natafuta pikipiki sasa hivi."

"Sawa, mjomba."

Mjomba hakukata simu, wala Rogath hakukata. Walibaki hivyo, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake, mpaka salio la jirani likaisha.